Mvulana kama mhusika mkuu katika riwaya ya vijana unayojichapishia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na waandishi wa Kiswahili wanaojichapishia riwaya za vijana na kumweka mvulana mbele. Nayajibu kama mhariri ambaye miswada ya namna hii haiishi mezani kwake. Mengine yana majibu marefu, mengine nimeyapitia juu juu kwa kuwa hayana mengi. Mwenye haraka aruke mpaka swali la "mvulana wangu anaboa", maana ndilo linaloulizwa kuliko yote.

Riwaya ya vijana ni ya umri gani hasa?

Kwa kawaida husemwa miaka 12 hadi 18. Kwetu ni rahisi zaidi kupima kwa madarasa: kuanzia anayemaliza shule ya msingi hadi anayemaliza sekondari. Mhusika amzidi msomaji mwaka mmoja au miwili, kwa sababu mtoto wa kidato cha 1 anataka habari za kaka wa kidato cha 3, hataki za darasa la 5.

Ila umri wa mhusika peke yake hautoshi. Angalia msimulizi amesimama wapi. Kama ni mzee wa miaka 50 anayekumbuka ujana wake na kutikisa kichwa kila baada ya aya mbili, umeandika riwaya ya watu wazima yenye mtoto ndani yake. Si kosa, lakini usiiuze kama ya vijana.

Watu wanasema wavulana hawasomi. Si ninapoteza hela?

Wavulana wanasoma. Wanasoma matokeo ya mechi, uchambuzi wa usajili, mabishano ya mitandaoni yenye maneno elfu mbili. Wanachokimbia ni kitabu kinachowasema.

Siku Njema ya Ken Walibora ilitoka mwaka 1996, na mpaka leo ukikaa na Wakenya waliosoma sekondari miaka ile, wanaume kwa wanawake, watakutajia mhusika wake mkuu, Kongowea Mswahili, kama mtu waliyesoma naye. Kiswahili cha kitabu kile si chepesi hata kidogo. Kuna kurasa zinazomtuma mtu kwenye kamusi. Kilichowabeba ni kwamba kijana ana jambo moja analolitaka, tena linaeleweka na yeyote: anatoka Tanga, anavuka mpaka, anamtafuta baba yake. Msomaji wa kiume atavumilia misamiati migumu akiwa anajua kijana anaelekea wapi.

Ni kweli pia kwamba anayesoma na anayelipa si lazima awe mtu mmoja. Utafiti wa kampuni ya Bowker uliotolewa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kuwa asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vya umri wa miaka 12 hadi 17 walikuwa watu wa miaka 18 na kuendelea, na wengi wao walikuwa wakijinunulia wenyewe. Hapa kwetu ongeza mama, mjomba na mwalimu wa Kiswahili. Kwa hiyo kitabu kiandikie kijana, lakini maneno ya nyuma ya jalada yaandike ukijua kwamba mama atayasoma akiwa amesimama dukani na pochi mkononi.

Yupo kweli aliyejichapishia riwaya ya mvulana akafika mbali?

Anayetajwa mno ni Christopher Paolini wa Montana, Marekani. Alisomea nyumbani, akamaliza masomo ya sekondari akiwa na miaka 15, akaanza kuandika Eragon: mvulana wa shamba, wa miaka 15, analelewa na mjomba, anaokota jiwe msituni, kumbe ni yai la joka. Wazazi wake walikuwa na kampuni ndogo ya uchapishaji ya nyumbani, wakakitoa kitabu wenyewe. Mwaka 2002 kijana akazunguka shule, maktaba na maduka ya vitabu, zaidi ya mara 130, akiwa amevaa mavazi ya kizamani ya Ulaya, anajisimamia mezani na kuuza nakala moja moja. Mtoto wa kambo wa mwandishi Carl Hiaasen akakisoma wakiwa likizo Montana, akakipenda, Hiaasen akawaambia wachapishaji wake, na mwezi Agosti 2003 Knopf wakakitoa upya. Kilichofuata ni mamilioni ya nakala.

Habari hii husimuliwa kama bahati ya mtoto wa kambo. Mimi huisoma tofauti. Kabla ya huyo mtoto kulikuwa na familia nzima iliyoweka kazi pembeni ili iuze kitabu, na kijana aliyekubali kuvaa vile mbele ya wanafunzi wenzake wa rika lake, jambo ambalo wavulana wengi wa miaka 18 wasingelifanya hata kwa malipo. Wahakiki walisema hadithi yenyewe imeazima mengi kutoka hadithi na filamu za kabla yake, na hawakukosea. Wasomaji wa miaka 13 hawakujali. Walikuwa wamepata mvulana anayekosea, anayeumia mwili, na anayejifunza upanga taratibu hadi wao wenyewe wakaona wamejifunza.

Kwa upande wa pili yupo Amanda Hocking wa Minnesota, aliyeanza kuuza vitabu vyake vya kielektroniki mwaka 2010 na mwaka uliofuata akasaini mkataba wa zaidi ya dola milioni 2 na kampuni ya uchapishaji ya St. Martin's. Soko lile alilolitikisa lilikuwa la wasichana na mapenzi ya viumbe wa ajabu. Ndiyo maana waandishi wengi wanaojichapishia humkwepa mvulana: wanaandika kwa kufuata waliko wanunuzi. Ukimchagua mvulana ujue unalima shamba ambalo halijajaa watu, na sababu ya kutojaa ipo.

Mbona mvulana wangu anaboa?

Kwa sababu mara nyingi si mvulana. Mswada wa kawaida unaonifikia una mmoja kati ya hawa wawili.

Wa kwanza ni mpelelezi aliyepunguzwa umri. Tumerithi wanaume wakubwa katika riwaya zetu pendwa: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Watu wazima, wenye akili kali, wasiotetemeka. Mwandishi aliyekua akiwasoma kwa tochi chini ya shuka anapotaka kuandika kijana wa miaka 16, anamchukua Joram, anamvua koti, anamvalisha sare ya shule. Matokeo yake kijana anawapiga majambazi wanne, anafungua kompyuta ya benki, na jioni anarudi bwenini. Hakuna wakati wowote ambao msomaji anaogopa kwa niaba yake.

Wa pili ni mteswaji. Baba kafa ukurasa wa 1, mama ukurasa wa 9, mjomba kamnyang'anya shamba, mama mdogo anamnyima chakula, naye anavumilia na kuomba Mungu mpaka ukurasa wa mwisho anapofaulu mtihani na kuwa daktari. Mambo yote yanamfikia yeye. Yeye hafanyi kitu. Ukimwondoa ukaweka gunia la mahindi, hadithi haitabadilika sana.

Dawa ya wote wawili ni moja: mpe kitu kidogo anachokitaka leo, halafu afanye uamuzi mbaya kwa mikono yake mwenyewe. Chukua huyu, nimemtunga kwa ajili ya ukurasa huu. Iddi, miaka 15, wa Tandika, Dar es Salaam. Mama kampa shilingi 40,000 za mchango wa chakula shuleni. Iddi kaziweka kwenye mkeka wa kubeti wa mechi sita. Tano zimetiki, ya sita imesawazishwa dakika ya 89, mkeka umechanika. Mwandishi wa kawaida ataandika hivi:

"Iddi alihuzunika sana moyoni mwake, kwani alijua amefanya kosa kubwa mno dhidi ya mama yake mpendwa aliyemlea kwa shida na taabu."

Jaribu hivi:

"'Risiti iko wapi?' mama aliuliza. Iddi akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala."

Hapo hakuna neno huzuni wala kosa, lakini kila mvulana aliyewahi kumficha mama yake kitu amejiona. Na sasa hadithi ina mwendo, maana lazima aipate hela hiyo kabla ya Jumatatu. Atamwomba nani? Atauza nini? Rafiki gani atamkataa? Huhitaji jambazi hata mmoja.

Lazima awe yatima?

Hapana. Yatima anamrahisishia mwandishi kazi, kwani hakuna mzazi wa kuzuia safari. Lakini mzazi aliyepo, anayeuliza maswali na kupiga simu wakati mbaya, ni kizuizi kizuri kuliko genge lolote.

Mwishoni lazima apate adhabu na msomaji apate funzo?

Hapa ndipo mimi na waandishi wengi tunapogombana, na sitalegeza.

Vitabu vyetu vingi vya vijana vimeandikwa jicho moja likiangalia shule. Ili kiingie darasani kitabu hupitia kwa wakaguzi, Taasisi ya Elimu (TET) kwa Tanzania, taasisi ya mitaala (KICD) kwa Kenya, na wakaguzi wana haki ya kuuliza kinafundisha nini. Mwandishi akishazoea hivyo, kila kosa la kijana linalipwa kabla ya jalada la nyuma: aliyevuta bangi anapata kichaa, aliyetoroka anagongwa na gari, aliyetii anapata ufadhili wa kwenda ng'ambo. Msomaji wa miaka 14 si mjinga. Mtaani kwake anamwona aliyetii akiwa hana ajira, na aliyetoroka akiwa na bodaboda tatu. Akikuta kitabu kinamwambia vinginevyo, anajua kimeandikwa na mwalimu, anakifunga.

Wewe unayejichapishia hakuna aliyekulazimisha. Umetoa hela yako, umeweka jina lako, na bado unajikagua kama kwamba kuna mtu mlangoni. Mwache Iddi apate hela, arudishe, na mama asijue kamwe. Halafu mwezi unaofuata mama amsifu mbele ya wageni kwa uaminifu wake. Hilo litamkaa msomaji kooni kuliko fimbo kumi, na wala hukumwambia kitu.

Simaanishi uandike uchafu. Kubeti kwa watoto wa chini ya miaka 18 ni kosa kisheria, na hadithi inaweza kuonyesha wazi jinsi muuza duka anavyofumba macho. Tofauti ni kati ya kuonyesha na kuhubiri.

Mimi ni mwanamke. Naweza kuandika kwa sauti ya mvulana?

Riwaya ambayo Wamarekani wengi huihesabu kuwa iliifungulia njia fasihi ya vijana wa kileo, The Outsiders ya mwaka 1967, inasimuliwa na mvulana wa miaka 14 anayeitwa Ponyboy. Aliyeiandika alikuwa binti wa sekondari mjini Tulsa, Susan Eloise Hinton, aliyeianza akiwa na miaka 15. Wachapishaji walimshauri atumie herufi za mwanzo, S. E., wahakiki wasije wakamdharau kwa kuwa ni msichana. Miaka 30 baadaye, Uingereza, ushauri wa namna hiyohiyo ndio uliozaa jina la J. K. Rowling, mwandishi wa Harry Potter.

Kwa hiyo uwezo upo. Jina la jalada ni uamuzi wako. Mimi ningeliandika lote.

Kosa ninaloliona zaidi kwa waandishi wa kike ni kumfanya mvulana aeleze hisia zake kwa ufasaha mno. Wavulana wa umri huo, kwa kadiri ninavyowajua, wakiumizwa wanatania, wanapiga teke kopo, au wanakaa kimya na kuangalia simu. Waandishi wa kiume nao wana lao: mvulana wao hahisi chochote kabisa, kisha ghafla anaua mtu.

Nafsi ya kwanza au ya tatu?

Nafsi ya kwanza kama kijana ana ulimi. Kama ni mkimya, tumia nafsi ya tatu na usimwache hatua moja. Usichanganye, na usiingie kichwani mwa mama katikati ya sura eti kwa sababu una jambo zuri la kumsemea.

Nitumie lugha ya mtaani?

Kwenye mazungumzo, ndiyo, kwa kipimo. Kwenye usimulizi, kidogo sana. Maneno ya vijiweni huzeeka haraka: yaliyotamba miaka kumi iliyopita leo yanamfanya kijana acheke kwa sababu zisizo zako. Isitoshe, Kiswahili cha masela wa Dar na Sheng ya Eastlands, Nairobi, havielewani sana, na mtoto wa Mwanza ana yake.

Kisichozeeka ni jinsi wanavyozungumza: kukatana kauli, kujibu swali kwa swali, kumwita rafiki "mwanangu" huku wakimtukana kwa mapenzi. Simama dakika 20 karibu na kijiwe cha bodaboda bila kujitia unasikiliza. Utaona hakuna anayemaliza sentensi. Kwenye miswada kila mtu anazimaliza, tena kwa nukta.

Mapenzi je?

Yawepo, maana bila hayo huyo si kijana wa kweli. Ila mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18, kwa sheria za Tanzania na Kenya pia, na mambo ya faragha ya mwili hayana nafasi hapa. Wala huyahitaji. Kijana aliyeandika ujumbe, akaufuta, akauandika tena, akautuma, akaona vitiki viwili vya bluu na hakuna jibu, ana mapenzi ya kutosha kujaza sura nzima.

Wahusika wa kike niwaweke wapi?

Popote, mradi wana shughuli zao. Jaribio langu ni hili: chukua kila msichana aliye kwenye mswada, uliza alikuwa anafanya nini saa moja kabla mvulana hajamkuta. Kama jibu ni "alikuwa anamsubiri", rudi ukaandike. Kumbuka pia kwamba magrupu ya WhatsApp ya simulizi ninayoyafahamu yamejaa akina dada. Ukiwaandika kama vikombe vya chai watajitoa, na watasema kwa nini.

Jalada liweje?

Usiweke mvulana aliyeshika bastola kama hamna bastola. Usiweke picha iliyotungwa na kompyuta, yenye kijana mwenye misuli na vidole sita. Mlipe mchoraji. Kitu kimoja kutoka ndani ya hadithi, mkeka uliokunjwa ndani ya daftari la hesabu kwa mfano, huuza vizuri kuliko sura, kwa sababu kila msomaji anaweza kumpa Iddi sura anayoitaka.

Niuze kwa WhatsApp au nichape kitabu?

Vyote, kwa mpangilio. Utaratibu uliozoeleka Tanzania ni kuweka sehemu za mwanzo bure Facebook au kwenye grupu, kuikatia pale pazito, kisha anayetaka kuendelea analipa kwa simu na kutumiwa nakala laini. Ni njia nzuri ya kujua riwaya yako inachoka wapi: malipo yakikatika sehemu ya 14, tatizo lipo sehemu ya 13. Ubaya wake ni kwamba nakala laini ikishatoka itasambaa bure. Lipokee hilo mapema au uache.

Pia simulizi ya vipande humfundisha mwandishi kukatisha kila kurasa nne kwa mlango unaogongwa. Ukija kuchapa, pitia upya. Milango 30 ikigongwa kwenye kitabu kimoja msomaji anachoka.

Kuhusu kitabu cha karatasi, mashine kubwa za uchapaji mara nyingi hukusanya kurasa kwa mafungu ya 16. Kurasa 144 zinakaa sawasawa. Ukifika 147 unaweza kulipia karatasi za 160. Muulize mchapaji kabla ya kupanga kurasa, kisha punguza shukrani.

ISBN na hakimiliki?

Tanzania ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na huduma ya maktaba ya taifa (KNLS). Kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja kina yake. Hakimiliki ni yako tangu unapoandika. Kusajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Basi.

Nimpe nani asome kabla sijachapa?

Wavulana watatu wasiokujua, na msichana mmoja. Usimpe mdogo wako, atakuogopa. Usiwaulize kama kimewapendeza, kwa sababu watajibu "kiko poa" na kuondoka. Waambie wakunje pembe ya ukurasa pale walipoweka kitabu chini kwenda kufanya jambo lingine. Kunjo tatu zikikutana sehemu moja, kata hapo, hata kama ndiyo aya uliyoipenda kuliko zote.

Niandike sehemu ya pili?

Kama ya kwanza ina mwisho wake. Tabia ya kuishia njiani na kuandika "itaendelea" kwenye kitabu ambacho mtu amekilipia imewaudhi wasomaji wengi, na wavulana hasa hawarudi mara ya pili. Maliza habari ya zile 40,000. Kama Iddi bado ana jambo analolitaka akifika miaka 16, anzia hapo, na mwache awe amebadilika kidogo: amerefuka, sauti imekuwa nzito, na sasa mama ndiye anayemwomba yeye hela.